Kampuni yangu (SARL) inataka kazi ya migodi: karatasi gani zikaguliwe kwanza?

duka_katuba
Bandugu, jambo. Tuko na SARL ya vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi tangu 2019, wafanyakazi 9, na ghala la kupanga. Kampuni moja ya migodi inataka dosye yote kabla ya kutupa kazi. RCCM (rejista ya biashara), Id. Nat. (namba ya kitaifa ya kampuni) na namba ya kodi ziko. Watu wanakwama wapi?

avoka_lushi
Ndugu, hizo tatu ni mlango tu. Fungua statuts (katiba ya kampuni), utazame gérant, yaani meneja, aliwekwa kwa muda gani. Statuts zikinyamaza, sheria ya OHADA (sheria ya biashara ya pamoja ya nchi za Afrika) inampa miaka 4. Kwa kampuni ya 2019, muda ulikwisha 2023. Bila PV (muhtasari wa mkutano) ya kumteua tena, mteja au benki anaweza kuikataa sahihi yake. Itisheni mkutano, andikeni PV, muipeleke RCCM ndani ya siku 30. Kuhama anwani au kuuza hisa, ni vilevile.

Hesabu zilizofungwa 31 Desemba, washirika wazipitishe kabla ya mwisho wa Juni, kisha ziwekwe kwenye greffe (ofisi ya karani) ya mahakama ya biashara ndani ya mwezi unaofuata. Wengi wanazipeleka DGI (ofisi ya kodi ya taifa) peke yake, wanalala.

Halafu ARSP, mamlaka inayosimamia sous-traitance, yaani kazi unayopewa na kampuni kubwa. Sheria ya 8 Februari 2017 imeachia sous-traitance kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani. Kumwandika binamu kuwa mshirika wa jina tu ni kujitafutia kesi.

paie_kampemba
Mimi ningeanzia kwa wafanyakazi, ndiko deni linajificha. Mshahara wa dola 300: kwa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) unamkata 5%, yaani 15, na wewe unaongeza 13%, yaani 39. INPP (mchango wa mafunzo ya kazi) ni 3% kwa kampuni isiyozidi watu 50: dola 9 tena. Ongeza ONEM (ofisi ya ajira). Kodi ya mshahara, ile watu wanaiita IPR, inatangazwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Kuna ujanja unaopendwa sana: mshahara 100, "nyumba" 200. Ni kweli pesa ya nyumba haihesabiwi kwa CNSS, lakini kwa IPR inasamehewa mpaka 30% ya mshahara tu. Hapo ni dola 30. Zile 170 zinatozwa. Na mkaguzi hahitaji kukisia: anaweka kitabu cha paie (mishahara), deklarasyo za mwezi na hesabu za mwaka kwenye meza moja. Jumla zikitofautiana, umekwisha.

Tazama pia vibarua wa kupakua simenti. Aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria ya kazi inamhesabu kuwa ni wa kudumu. Hata kontra isiyoandikwa inaangukia huko huko.

duka_katuba
Aksanti sana. Ghala ni la mzee fulani, tunamlipa mkononi kila mwezi. Kuna shida?

avoka_lushi
Iko. Kodi ya serikali juu ya pango unaikata wewe mpangaji kwenye pesa ya mzee na kuipeleka kwa ofisi ya mapato ya jimbo, DRHKAT, siyo DGI. Usipoikata watakudai wewe. Andikeni kontra ya pango, na kila mwezi mzee akutilie sahihi risiti inayoonyesha pango lote, kilichokatwa na alichopokea. Mwambie mapema, maana atasema unamwibia.

paie_kampemba
Na mkaguzi akifika dukani kabla hujamaliza, omba ordre de mission (barua inayomtuma), soma majina na miaka inayokaguliwa, mpe kopi, orijino zibaki kwako. Ukitakiwa kulipa, malipo yapite benki.