MREJESHO: Vitabu vya kusikiliza kwenye foleni

Wakuu, niliwauliza nisikilize vitabu gani nikiwa kwenye foleni, riwaya au kumbukumbu za maisha. Wengi mlisema nianze na kumbukumbu zilizosomwa na mwandishi mwenyewe. Asanteni sana.

Born a Crime ya Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini (2016), imenimaliza. Kuna pale mama yake anapomsukuma nje ya basi dogo la abiria linalotembea. Msomaji mwingine angesoma tu. Trevor anamwigiza mama mzima mzima, na Kixhosa chake ni cha mtu aliyelelewa nacho. Nimecheka peke yangu hadi jirani wa siti akasogea pembeni.

Becoming ya Michelle Obama, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 2020, ni nzuri, sauti imetulia. Ila ni ya saa 19 hivi, na sura za kampeni nilizisikiliza kwa kasi.

Riwaya? Mliosema zinachosha masikioni, hapo nawapinga. Sikilizeni Adjoa Andoh akisoma Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, hasa saluni ya Trenton, Marekani: Ifemelu Mnigeria, Aisha Msenegali anayemsuka huku akimng'ang'ania kuhusu wanaume wa Kiigbo. Kila mmoja ana lafudhi yake, hakuna haja ya kuambiwa nani kasema. Nilishuka kituoni nikabaki nimesimama nimalizie.

Sasa nauliza tena: nani ana riwaya ya Kiswahili iliyosomwa vizuri, ikiwezekana na mtu wa Pwani? Zile za sauti ya kompyuta msinitumie.