Modeli ya injini ya Stirling inatoa wati 55, mashine yenyewe haifiki 15: nguvu inapotelea wapi?

Mkaa_Temeke:
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Katika karakana moja ya Gerezani tumeunda injini ya Stirling, yaani injini inayosukumwa na hewa iliyofungwa ndani yake, ikipashwa moto na kupozwa kwa zamu; yetu inatumia hewa ya kawaida isiyoongezwa presha. Pistoni yake inafagia ujazo wa sentimita za ujazo 200, na inazunguka mara 600 kwa dakika. Upande wa moto unakaa juu ya chenga za mkaa na chuma chake hufikia nyuzi 527 za Selsiasi. Upande wa baridi hupozwa kwa maji ya tangi na huwa nyuzi 37. Rijenereta, yaani sehemu inayohifadhi joto la hewa inapoelekea upande wa baridi na kulirudisha inaporudi, ni nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zilizoshindiliwa ndani ya bomba. Nimekokotoa nguvu kwa modeli ya injini ya Gustav Schmidt ya mwaka 1871, nayo inanipa wati 55, lakini breki ya kupimia nguvu tuliyofunga kwenye flaiwili haijawahi kuonyesha hata wati 15. Je, katika hesabu nigawanye rijenereta katika vyumba vingi zaidi, au tatizo ni maji ya Dar, ambayo mchana hutoka kwenye tangi yakiwa vuguvugu?

Hesabu_za_Joto:
Maji usiyalaumu sana. Hata upande wa baridi ukipanda kutoka kelvini 310 (nyuzi zako 37) hadi 325, ukomo wa ufanisi wa Carnot, yaani sehemu kubwa kabisa ya joto ambayo injini yoyote inaweza kuigeuza kuwa kazi, unashuka kutoka asilimia 61 hadi 59 tu.

Tatizo liko kwenye yale ambayo Schmidt aliyachukulia kuwa kweli ili hesabu ifanyike kwa kalamu: kwamba hewa iliyo ndani ya silinda ina jotoridi lilelile la ukuta wakati wote, na kwamba rijenereta hairuhusu joto lolote kupotea. Kwa mizunguko 10 kila sekunde, ukuta haupati muda wa kuipasha hewa inapotanuka wala kuipoza inapobanwa. Ndiyo maana mwaka 1960 Theodor Finkelstein alileta modeli ambayo silinda zake hazibadilishani joto na hewa, na kazi hiyo ikaachiwa kipasha joto na kipozeo.

Rijenereta ndiyo ya kuangaliwa kwa makini zaidi. Joto linaloingia na kutoka humo katika kila mzunguko linaweza kuwa mara nne ya lile linalotoka motoni. Kwa hiyo rijenereta inayorudisha asilimia 90, ambayo kwa macho ni nzuri, inaudai moto wako asilimia 40 zaidi. Mkaa usipoweza kulipa deni hilo, hewa ya upande wa moto hubaki na jotoridi la chini kuliko chuma, na nguvu hushuka pamoja nayo. Modeli yako hailioni jambo hili kabisa, kwa sababu umeipa jotoridi la chuma ukaliita la hewa.

Tena, wastani wa jotoridi la rijenereta usiwe nusu ya jumla. Gawanya tofauti ya kelvini 800 (nyuzi zako 527) na 310 kwa logi asilia ya uwiano wao, upate kelvini 517 badala ya 555.

Fundi_Gerezani:
Ndugu yangu, kabla ya kuandika mlinganyo mwingine, pima. Weka kipima presha kwenye silinda, uchore presha dhidi ya ujazo. Eneo la mchoro huo ndilo kazi ya hewa. Ikiwa hewa inatoa wati 30 na breki inaona 14, basi wati 16 zimeliwa na msuguano wa mashine, na hakuna modeli ya gesi itakayozirudisha.

Mkaa_Temeke:
Nashukuru sana. Nimejaribu pia kufuata mtiririko wa hewa kwa vyumba vya milimita moja, lakini majibu yanayumba hadi programu inasimama.

Hesabu_za_Joto:
Ni hatua zako za muda. Kwenye kelvini 800 sauti husafiri takriban mita 567 kwa sekunde, hivyo kwa chumba cha milimita moja hatua lazima iwe chini ya sehemu mbili za milioni za sekunde, yaani zaidi ya hatua 50,000 kwa kila mzunguko. Huhitaji mzigo huo. Injini ya sentimita 30 hupitwa na sauti kwa muda usiozidi milisekunde moja, wakati mzunguko wako unachukua 100. Chukulia presha kuwa moja katika injini nzima kwa kila nukta ya wakati, tumia hatua 360, kisha kokotoa upungufu wa presha ndani ya rijenereta baadaye na uutoe kwenye kazi. Nyuzi za chuma hubeba joto jingi kuliko hewa inayopita humo, hivyo hukawia kutulia. Endesha mizunguko mingi mpaka joto linaloingia humo lilingane na linalotoka, ndipo usome wati.