Daktari wa matumbo hanitazami. Nivumilie au nibadilishe?

BintiShela: Asalaam aleikum. Utumbo wangu mpana una vidonda, ule ugonjwa uitwao kolaitisi. Kabla haujajulikana nilitibiwa amiba na taifodi mpaka nikaichukia Flagyl. Sasa naenda kwa bingwa Mombasa. Ni boti hadi Mokowe, kisha basi kutwa nzima, na choo changu hakingoji kituo, kwa hiyo tangu jana yake sili. Nikiingia, macho kwenye kompyuta. “Mara ngapi kwa siku? Damu ipo?” Juzi nikamwambia uso umevimba, silali, hata harusini sikai. Akajibu bila kugeuka, “Hiyo kawaida.” Dawa zinasaidia, simsingizii. Lakini hutoka pale nikilia. Mume wangu ataka nibadilishe.

MzeeMkunguni: Mwanangu, daktari si shoga yako. Maadamu damu imepungua, shukuru. Foleni iliyoko nje si umeiona?

MuuguziMstaafu: Mzee wangu, hapo sikuungi mkono. Kuamshwa usiku na choo ni dalili nzito, humwonyesha daktari kwamba utumbo umewaka, si tumbo la wasiwasi tu. Nani atalisema hilo kwa mtu aliyempa kisogo? BintiShela, kama dawa yenyewe ni prednisolone, ile steroidi ya kutuliza uvimbe, usije ukaiacha ghafla kwa hasira. Ukiitumia muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Uso kuvimba na kukosa usingizi huletwa nayo, basi muulize ataipunguza vipi na ipi itashika nafasi yake. Na mgongo ukiuma kwa basi, brufen iache, yaweza kuuamsha ugonjwa.

BabaWatatu_Malindi: Mimi nina Crohn, ugonjwa wa utumbo ulio ndugu na huo wako, na daktari wangu alikuwa hivyohivyo. Nikaingia na mke wangu, yeye hana haya. “Daktari, huyu hapandi matatu mpaka ajue misikiti yenye choo kutoka hapa hadi Gede.” Jamaa akaweka kalamu chini, akaniuliza kazini nafanyaje. Hakuwahi kuuliza. Mjaribu kwanza, akishindikana hama, ila ondoka na majibu ya kipimo cha kamera na ya kile kinyama kilichokatwa utumboni kupimwa.

BintiShela: Vyoo vya msikiti kwa sisi wanawake ni kesi nyingine 😂 Nitakwenda na mume wangu. Dada muuguzi, ya usiku hajaniuliza kamwe. Na huamka, karibu kila siku.

MuuguziMstaafu: Anza na hiyo, kabla hajagusa kompyuta. Na usingoje tarehe ya kliniki, piga simu kesho.