Mrejesho: ile bustani niliyoahidiwa imegeuka ghorofa

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliosahau, mimi ndo yule niliyeuziwa nyumba kwenye mradi mpya nikaambiwa nyuma yangu patabaki bustani na uwanja wa watoto, halafu asubuhi moja nafungua dirisha nakuta katapila linachimba msingi.

Basi nikafuata ushauri wenu nikaenda mwenyewe ofisi ya mipango miji kuomba kuona ramani iliyopitishwa, na hapo ndo nilichoka kabisa, kile kipande kimeandikwa "makazi awamu ya pili" na muhuri una tarehe ya kabla hata sijalipa kishika uchumba. Yaani wauzaji walijua! Bustani ilikuwepo kwenye kipeperushi tu, na chini kabisa kwa viherufi vya kusoma na miwani eti picha ni za mfano.

Mwanasheria kasema kipeperushi peke yake hakitubebi sana maana mkataba una kifungu cha kuruhusu mabadiliko, ila jirani yangu alitunza meseji za dada wa mauzo akimjibu "hapo hapajengwi kitu". Kumbe tuko kaya 11 wenye meseji kama hizo, tukapeleka barua ya madai ya pamoja.

Sasa wanatuita mmoja mmoja, wanatoa punguzo la ada ya huduma ukisaini kuwa huna madai tena. Wawili wameshasaini, siwalaumu, watu wana mikopo. Mimi sijasaini. Katapila nalo halijasimama, hapa naandika vyombo vinatetemeka kabatini.