Rimoti: mishale inatembea, OK na namba zimegoma

Sebuleni
Wakuu, naombeni msaada. Nina kompyuta ya zamani niliyoiunganisha na TV, ina Linux na Kodi (programu ya kutazamia filamu). Nimechomeka kipokezi cha infraredi cha USB, rimoti ni ya aina ya Media Center. Mishale inafanya kazi, sauti inapanda na kushuka. Ila OK haijibu kabisa, wala namba 0 hadi 9. Betri ni mpya. Mpaka sasa nachagua filamu kwa mishale kisha nainuka kwenda kubonyeza Enter kwenye kibodi, watoto wananicheka.

nyaya_tupu
Kwani rimoti ya TV ina shida gani? Kebo ya HDMI hupitisha CEC, yaani amri za rimoti ya TV kwenda kwenye kifaa kilichounganishwa. Iwashe kwenye menyu ya TV: Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Mimi natumia Raspberry Pi (kikompyuta kidogo) na rimoti ya pili sijawahi kununua.

Sebuleni
Kwenye Pi sawa, mkuu. Kadi za picha za kompyuta za kawaida nyingi hazina CEC, ingebidi nitafute adapta ya USB kama ile ya Pulse-Eight. Na rimoti hii imekaa vizuri mkononi, siiachi.

mzee_wa_terminali
Usinunue kitu. Kipokezi ni kizima, kingekuwa kibovu hata mishale isingetembea. Fungua terminali, andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ikijibu x11 (mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha na kupokea vitufe), mchawi tumempata.

Endesha `sudo ir-keytable -t` kisha bonyeza OK. Utaona 0x800f0422, msimbo unaotumwa na rimoti, na jina la kitufe, KEY_OK. Kerneli (kiini cha Linux) imekisikia kitufe vizuri, lakini KEY_OK ni namba 352, na X11 haipokei chochote kinachozidi 247. Kinafia njiani, Kodi haipati habari. Vitufe vya namba navyo ni hivyo hivyo: vinatumwa kama KEY_NUMERIC_0 na wenzake, kuanzia 512. Mishale iko chini ya kikomo, ndiyo maana inapita.

Jaribu hii, ili OK itumwe kama Enter, iliyo chini ya kikomo:

`sudo ir-keytable -k 0x800f0422=KEY_ENTER`

OK ikiamka, endelea na namba: 0x800f0401 iwe KEY_1, na kadhalika. Kitufe cha INFO kipe KEY_I, cha kurudi nyuma KEY_BACKSPACE. Kodi inazielewa zote mbili bila kugusa mipangilio yake. Ukiwa na vipokezi viwili, taja unachokitaka kwa `-s rc1`.

Ukizima kompyuta, hayo yote yanafutika. Ili yadumu, nakili rc6_mce.toml kwenye /etc/rc_keymaps/, ubadilishe majina humo, kisha hakikisha mstari wa rc-rc6-mce ndani ya /etc/rc_maps.cfg unalitaja faili hilo. Wengine watakushauri uanze kuhariri keymap ya Kodi (orodha yake ya kazi za vitufe). Waache, huwezi kupanga kitufe ambacho hakijafika.

Sebuleni
Mzee, shikamoo! OK imekubali, namba pia. Limebaki moja: nikibonyeza mshale mara moja, unaruka hatua mbili.

mzee_wa_terminali
Marahaba. Bila shaka uliweka LIRC (programu nyingine ya kupokea rimoti) ulipokuwa unahangaika. Kodi inapata mbonyezo uleule kwa njia mbili, kama kibodi na kupitia lircd, huduma ya LIRC. Zima moja:

`sudo systemctl disable --now lircd.socket lircd.service`