Majina kwa herufi kubwa na ndogo: LOWER, citext au kanuni ya safu yenyewe?

Mwanzisha mada, Ngamiani (Tanga)
Ndugu zangu, habari za kazi. Ninatunza daftari la wanachama wa chama cha kuweka na kukopa katika hifadhidata ya PostgreSQL. Wiki iliyopita niligundua kwamba mama mmoja aliandikishwa mara mbili, kwanza kama MWANAHAMISI na baadaye kama Mwanahamisi, hivyo akiba yake ikagawanyika katika akaunti mbili. Alipofika dirishani akatajiwa salio pungufu, nami niliumia kumwona akizihesabu upya stakabadhi zake. Naona njia tatu: kuandika LOWER (amri ya kugeuza herufi zote kuwa ndogo) katika kila swali linalotumwa kwenye hifadhidata, kutumia aina ya data iitwayo citext, au kuipa safu kanuni ya ulinganishaji isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo. Ninyi mngechagua ipi?

Mchangiaji, Chumbageni
Mimi natumia LOWER, kwa sharti moja ambalo wengi hulisahau. Faharasa (orodha ya kutafutia haraka) iliyojengwa juu ya safu ya jina haisaidii swali linalouliza LOWER(jina), kwa hiyo hifadhidata hulazimika kusoma jedwali zima. Jenga faharasa juu ya LOWER(jina) yenyewe. Lakini usiifanye UNIQUE, yaani ya kukataa marudio, kwa jina peke yake, maana Tanga hii kina Mwanahamisi Juma ni wengi na kila mmoja ana haki ya akaunti yake; iunganishe na tarehe ya kuzaliwa au namba ya kitambulisho.

Mchangiaji, Pangani
Nakubaliana na ndugu wa Chumbageni kuhusu faharasa, ila udhaifu wa LOWER uko kwa watu: wewe utaikumbuka, lakini atakayeandika ripoti mwakani hataikumbuka, na ripoti yake itamkosa mwanachama bila kutoa onyo lolote. Citext hubadilisha herufi yenyewe kila inapolinganisha, hata katika faharasa ya UNIQUE. Hata hivyo, mwongozo wa PostgreSQL wenyewe unashauri tufikirie kwanza kanuni za ICU (maktaba ya kulinganisha maandishi ya lugha mbalimbali) zisizotofautisha herufi kubwa na ndogo, zilizopatikana tangu toleo la 12 la mwaka 2019. Kasoro yake ni kwamba kabla ya toleo la 18, safu yenye kanuni hiyo ilikataa LIKE, amri ya kutafuta kwa sehemu ya neno, na karani anayetafuta jina kwa herufi zake tatu za mwanzo angekwama.

Mchangiaji, Muheza
Je, data hizo zilitoka kwenye hifadhidata nyingine, MySQL? Nauliza kwa sababu kanuni ya kawaida ya MySQL 8.0, yaani utf8mb4_0900_ai_ci, haitofautishi herufi kubwa na ndogo wala alama za juu ya herufi, ilhali PostgreSQL hutofautisha vyote isipoelekezwa vingine. Anayehama hushangaa kuona Asha na ASHA wamekuwa watu wawili. SQLite nayo ina NOCASE, inayozijua herufi 26 za ASCII tu, yaani A hadi Z; kwa maneno ya Kiswahili zinatosha.

Kinachonisumbua zaidi mimi ni ng'. Karani mmoja huandika Ng'anzi kwa alama iliyonyooka, na simu ya mwingine huweka alama iliyopinda. Kati ya njia zote tatu zilizotajwa hapa, hakuna itakayoyaona majina hayo kuwa sawa, kwa kuwa tofauti yake si ya ukubwa wa herufi. Badilisha alama iliyopinda kuwa iliyonyooka wakati wa kuingiza jina, kabla ya ulinganisho wowote.

Mwanzisha mada
Nawashukuru sana. Naam, data zilitoka MySQL, na suala la ng' sikuwa nimeliwazia kabisa. Kwa kuwa tunatumia toleo la 14 na makarani hutafuta kwa LIKE kutwa nzima, nitasahihisha alama hizo, kisha nitajenga faharasa ya UNIQUE juu ya LOWER(jina) pamoja na tarehe ya kuzaliwa.

Mchangiaji, Chumbageni
Faharasa hiyo itakataa kujengwa iwapo marudio bado yamo. Anza kwa GROUP BY, amri ya kupanga kwa makundi, ya vitu hivyo hivyo viwili, ukiongeza HAVING COUNT(*) > 1 ili yabaki makundi yenye zaidi ya mmoja, upate orodha kamili.

Mwanzisha mada
Orodha nimeipata. Sitaunganisha akaunti yoyote mpaka mwenyewe aje na kitabu chake tukague pamoja.