Mrejesho: jeli ya kupimia risasi niliyoiyeyusha upya
Habari zenu wakuu. Niliuliza kwa nini bonge langu la jeli angavu ninalolipiga risasi ili kuona zinaingia kina gani, ile ya sintetiki inayoyeyushwa na kutumika tena, lilikuwa likijaa mapovu na kuungua kila nilipoliyeyusha, hata nikashindwa kuona njia ya risasi. Asanteni sana mliojibu.

Nilifuata ushauri wa kuikata vipande vidogo na kutumia oveni badala ya sufuria jikoni, moto usizidi nyuzi 130 za Selsiasi. Kwanza nilichokoa mabaki yote ya risasi, kisha nikaichuja ikiwa bado ya moto. Kilichosaidia hasa ni subira: nilizima oveni nikaiacha ipoe humohumo, na mapovu karibu yote yakaisha. Rangi ya manjano haikutoka.

Kilichokataa ni kipimo cha kuhakiki ugumu wa jeli. Gololi ya milimita 4.5 kwa mwendo wa mita 180 hivi kwa sekunde inatakiwa iingie kama sentimita 8.5. Yangu iliingia 11. Mkuu aliyesema kipimo hicho ni cha jeli ya asili (jelatini asilimia 10, inayobaki ni maji), iliyopozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, alikuwa sahihi kabisa. Ya sintetiki haifanani nayo. Kwa hiyo namba zangu silinganishi tena na zile sentimita 30 hadi 46 za FBI (shirika la upelelezi la Marekani), yaani kina ambacho wao wanataka risasi ifikie ndani ya jeli ya asili. Nalinganisha risasi kwa risasi ndani ya bonge lilelile, tena uwanja wa shabaha tu, nyuma kukiwa na tuta la mchanga.